Njia ya Kupitia Harusini

Mshipa uliovimba ulikuwa katikati kabisa ya ubongo wa mume wangu, Shamte. Huko hakufikiki bila kukata kumbukumbu moja, na kwa sheria mke ndiye huichagua. Nikachagua harusi yetu. Mimi naikumbuka, ingetutosha wote wawili.

Kwenye skrini ya chumba cha upasuaji niliona uzi mwembamba kuliko wa buibui ukipenya siku ile yote ya harusi, ukaufikia mshipa uliotuna kama zabibu, ukaufunga. Daktari, mzoefu wa miaka ishirini, alinong'ona, "Subhanallah."

Sasa kila jioni Shamte huniomba nimsimulie harusi. Jana niliinogesha kidogo, nikasema mama yake alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Ukweli ni kwamba mama yake aliisusia harusi yetu.

Leo kaamka mapema, kavaa kanzu, kaenda kwa mama yake kumshukuru.