Zamu ya Jitu

Mwalimu Tausi alipomaliza kusimulia kisa cha mchunga kondoo mdogo aliyeliangusha jitu kwa jiwe moja, aliuliza nani angependa kuwa mchunga kondoo. Darasa zima lilinyoosha mikono. Alipouliza nani awe jitu, wote walimgeukia Mwakio, mvulana mrefu aliyekariri darasa, aliyevaa suruali iliyomfika nusu ya miguu.

Alisimama mbele ya ubao. Wenzake walikunja mabonge ya karatasi yawe mawe.

"Linatetemeka," alisema mmoja.

"Linataka kulia."

"Mwalimu," Mwakio alisema, "waambie waseme anatetemeka."

Mwalimu, ambaye ndiye aliyewafundisha ngeli za Kiswahili, alitabasamu. "Ni mchezo tu, baba."

Bonge la kwanza lilikuwa limefichwa kokoto ndani, likampasua juu ya jicho. Mwakio hakuanguka. Wenzake, kila mmoja akijiona ndiye yule mdogo wa kwenye kisa, waliinama kuokota kokoto zaidi mlangoni.

Damu ilimfika kidevuni. Mwalimu alitazama saa. Kipindi kilikuwa kinakwisha na kisa hakijafika mwisho wake.

"Mbona halianguki?" aliuliza.