Msamaha wa Ijumaa

Siku hizo Rais alikuwa akisamehe watu kabla hawajakosa, na mtaa wa kina Kerubo huko Minnesota ulishazoea. Aliyepata barua ya msamaha aliitundika sebuleni, na majirani wakaja kumpongeza.

Jumatano hiyo ilikuwa zamu ya Ombati, jirani yake wa mlango wa pili, aliyempigia Rais kampeni hadi sauti ikamkauka. Kerubo aliisogelea fremu akasoma. Kosa halikutajwa. Kilichotajwa ni siku tu: Ijumaa.

"Baba Moraa, hii ni ya kosa gani?"

"Hiyo ni siri ya Rais," alisema Ombati, akimkatia keki. "Mimi sijafanya kitu, Mama Nyaboke. Kula."

"Na polisi wanasemaje?"

"Waseme nini, na mtu keshasamehewa?"

Kerubo aliiweka keki mezani. Alikumbuka ufunguo wa nyumba yake, aliomwachia Ombati wakati wa baridi amwangalizie mabomba yasigande. Akamwomba amrudishie, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ombati alipapasa mfuko wa shati, akatabasamu.

"Usijali. Nitakuletea Jumamosi."