Tisini na Nne kwa Mia

Jumanne ya tarehe tisa Februari, mwaka 1993, Arvid Kangas alirudi kutoka ziwani na samaki wawili, akamkuta mkewe Elma amelala chali kando ya mashine ya kufulia, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka. Mashine ilikuwa bado inavuta maji ya moto. Nje barafu inapasua miti, ndani joto zuri kabisa. Hilo joto zuri ndilo lililomtia wazimu.

Wazima moto walisema ni gesi ya sumu, ile isiyo na harufu wala rangi. Arvid hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi. Mwezi mmoja tu nyuma, wakubwa wa wilaya walikuwa wameng'oa tanuri lililopasha nyumba yake tangu harusi, wakamwekea jipya la bure. Bure ya wakubwa! Lilikuja na karatasi ya manjano kifuani, na namba nyeusi kubwa kama ya gari: 94.

Elma ndiye aliyemsomea. "Lile letu lilikuwa sitini, Arvid. Hili, katika kila mia ya gesi, tisini na nne inakuwa joto."

"Na sita?"

"Sita inatoka nje. Hebu acha ubishi, kunywa kahawa."

Halafu fundi, Rolf Bjerke, akapanda ngazi kutoka chini ya nyumba, anajifuta mikono, meno yote nje.

"Haya mzee, kazi imekwisha. Ila huko chini sasa mna yatima. Niwaambie ofisini wamshughulikie?"

Elma aligeukia dirisha.

Hawakujaliwa mtoto, hao wawili. Wilaya iliwahi kuwapa mmoja wamlee, Wendell, asiye na baba wala mama. Walikaa naye majira mawili ya baridi, akaanza kumwita Elma mama. Asubuhi moja gari la wilaya likaja kumchukua, hata uji hakuachiwa amalize. Kiatu chake kimoja bado kilikuwa pale mlangoni. Elma alikuwa akikifuta vumbi kila Jumapili.

"Huyo mlishamshughulikia!" Arvid alinguruma. "Toka! Toka kabla sijakutoa meno!"

Fundi aliokota vyombo vyake akaondoka, hakujua hata amekosa nini.

Machi, wilaya iliitisha kikao. Arvid alikwenda na tai yake moja, ile ya mazishi. Mbele alikaa Bibi Lindgren, mkuu wa mpango wa matanuri, na bilauri ya maji.

"Mzee Kangas, kwanza nikupe pole..."

"Pole kaipake kwenye mkate uile. Mimi nataka kujua nani kaniulia mke."

"Tanuri limekaguliwa, mzee. Mara mbili."

"Na nani? Na watu wako! Mbwa atamtafutia mbwa mwenzake viroboto?" Watu wa nyuma walicheka. Arvid hakucheka. "Sikilizeni. Mimi shule niliiacha nikaingia machimboni, lakini kutoa najua. Mia ukitoa tisini na nne inabaki sita. Hiyo sita yenu ndiyo iliyoingia kifuani mwa Elma!"

"Hiyo sita, mzee, haiui mtu. Ni joto tu linalopotea, linatoka pamoja na moshi. Na moshi wa tanuri jipya unapita kwenye bomba lake jeupe, unatoboa ukuta, unakwenda nje. Halivuji hata tundu la sindano."

"Basi Elma kauawa na sabuni!"

Bibi Lindgren alikunywa maji.

"Na yule pale," Arvid alinyoosha kidole, "alisimama jikoni kwangu akanicheka mbele ya mke wangu. Mwulizeni! Mlimtuma hata hilo?"

Bjerke alisimama, kofia anaisokota mikononi. Safari hii meno hayakuonekana.

"Sikumcheka mtu, mzee. Mungu ni shahidi. Bibi Lindgren, tanuri ni zima. Kilichoua ni tangi la kuchemshia maji. Zamani tangi na tanuri vilitoa moshi kwa dohani moja, na tanuri ndilo lililoipasha ile dohani moshi ukapanda. Ukiondoa tanuri, tangi linabaki peke yake kwenye dohani pana, ya baridi. Moshi wake haupandi. Mtu akitumia maji ya moto mengi siku ya barafu, unarudi ndani."

"Na wewe ulilijua hilo?" Sauti ya Bibi Lindgren ilikuwa imekwisha nguvu.

"Kila fundi analijua."

"Ukanyamaza!" Arvid alipiga meza, bilauri ikaruka. "Mnamsikia? Alijua akanyamaza!"

"Sikunyamaza, mzee. Nilikwambia pale pale jikoni. Sisi mafundi tangi la namna hiyo, lililoachwa peke yake, tunaliita yatima. Nikakuuliza niwaambie ofisini wamshughulikie, ukasema huyo walishamshughulikia. Nikajua wameshaagiza tangi jingine."

Ngumi ya Arvid ilikuwa bado juu ya meza, maji ya bilauri yanapita chini yake, yanadondokea kwenye ile tai.

"Tangi," alisema mwishowe. "Kwa nini hamkusema tangi?"