Puto Jekundu

Puto jekundu alilolirusha kupimia mawingu lilimezwa na wingu kabla halijafika hata nusu ya mnara wa simu.

Mpima hali ya hewa alibaki ameinua shingo, kidole gumba kikiteleza kwa jasho juu ya kitufe cha redio. Nyuma yake, kwenye machela kando ya uwanja wa ndege, mama yake alikuwa akivuta pumzi kwa shida.

"Haya, Bi Mawingu," rubani wa ndege ya hospitali alitania redioni. "Leo umenitandikia blanketi au shuka?"

Muuguzi alimsogelea. "Dada, mwambie mawingu yapo juu. Atapenya tu. Mama haioni kesho."

Hilo alilijua. Alikijua pia kilima kilichofunikwa na wingu hilo.

Akabonyeza. "Mawingu yapo chini mno, Kapteni. Utagonga kilima kabla hujauona uwanja. Rudi."

"Sawa, dada. Nageuza."

Ngurumo ya injini ikapita juu yao, ndani ya weupe ule. Mama akafumbua macho.

"Ndege hiyo?"

Binti yake alimpangusa ukungu kwenye nyusi, taratibu, mmoja kisha wa pili, mpaka mlio ukapotea.

"Ndiyo, mama. Imefika."