Mwanga Uliotangulia Sauti

Salha, mchambuzi wa picha za hospitali, aliona vigumu kumweleza Bi Mwanasiti kile alichokiona kwenye kompyuta. Mwana wa mama huyo, Shomvi, alikuwa amelala kama gogo tangu ajali, na jana mashine ilipiga picha za ubongo wake huku mama akimwita. Mwanga mdogo uliwaka pale ubongo unapopokea sauti. Lakini uliwaka kabla hajaitwa.

"Anayeitika kabla ya kuitwa hajaitika, mama," Salha alisema. "Ni bahati tu."

"Tumbo langu halizai bahati, binti. Hizo picha mlizipigaje?"

"Mashine haipigi ubongo wote kwa mkupuo. Hupiga kipande kwa kipande, kama mkate unavyokatwa. Kila kipande kina wakati wake. Kazi yangu ni kuvisawazisha, viwe kama vimepigwa pamoja."

"Na mkate huo huanza kukatwa upande gani?"

"Chini, kwenda…" Salha akageukia kompyuta. Mashine ya zamani ndiyo iliyoanzia chini. Hii mpya huanzia utosini, naye kwa mazoea alikuwa amezipanga nyakati kinyumenyume.

Akapanga upya, akangoja. Safari hii sauti ilitangulia, kisha, taratibu, mwanga ukafuata.

Salha akamgeuzia mama kioo cha kompyuta. Bi Mwanasiti aliinama, akaufunika ule mwanga kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni.