Mama Kijani

Mama Kijani aliiharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba Mungu msamaha, kisha akaituma langoni.

Ilikuwa programu ya saa, ile anayoitunza yeye katika mfumo wao wa kompyuta uitwao Linux. Alikuwa ameing'oa moyo. Hata kuwaka isingewaka. Usambazaji wa programu kwa watu ulikuwa umesimamishwa tangu asubuhi, kwa hiyo isingemfikia mtu yeyote. Alitaka tu kuona Lango litasema nini.

Lango halikuwa mtu. Lilikuwa mashine ya kupima. Kila kifurushi kipya cha programu hupita hapo kwanza, kikajaribiwa kwenye kompyuta za majaribio. Kikienda sawa, taa ya kijani, kinapelekwa kwa watu. Kikivuruga, nyekundu, kinarudi kwa mwenyewe na aibu yake.

Asubuhi hiyo kompyuta za watu zilikuwa zimegoma kuwaka, za zahanati zikiwemo. Jana yake vilipita vifurushi viwili tu: chake, na cha Fundi wa Sauti, mwenzao anayetunza programu ya sauti. Hakuna aliyejisumbua kuuliza ni kipi kilichovuruga. Vifurushi vya mama huyu havikuwahi kurudi hata kimoja tangu aajiriwe. Ndivyo alivyopata jina lake.

"Ni huyu wa sauti," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mshika funguo za Lango, anayeliamuru lipime nini na liachie nini. "Afungashe vyake, aende."

"Mimi?" Fundi wa Sauti aliruka. "Mimi ambaye Lango linanipekua hadi kwapani? Wiki haiishi bila kunitemea nyekundu! Labda jana lilikuwa limekufa."

Watu wakacheka. Mama Kijani hakucheka. Mtu ana watoto, na kumkatia riziki kwa dhana tu ni dhambi. Ndipo akaketi, akaiharibu saa yake. Lango likiinasa, basi li hai, na huyu bwana alilikwepa kwa hila. Likiiachia, limekufa kweli, na hana kosa.

"Acha, shemeji," mshika funguo alimwambia. "Wewe huna haja ya kujaribu chochote."

"Niache nijaribu. Nyekundu yenyewe sijawahi hata kuiona."

Wakasubiri. Taa ikawaka.

Kijani.

"Limekufa!" alisema Mama Kijani, moyo ukimshuka mahali pake. "Namshukuru Mungu. Huyu hana kosa."

Shemeji yake hakunyanyua macho.

"Hebu nipe hiyo maiti," alisema Fundi wa Sauti, mzaha umeshamrudia. "Niitume mimi, tuone kama itafufuka na kwangu."

Akakichukua kifurushi kilekile, bila kugusa hata nukta, akakituma kwa jina lake.

Nyekundu.

Mama Kijani aliitazama taa ile kwa muda, kama mtu anayesomewa jina lake mahali asipolitegemea. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Nilimwahidi kaka," alisema shemeji kwa sauti ya chini, "kwamba humu ndani hakuna kitakachokuliza."

"Tangu lini?"

"Tangu kifurushi chako cha kwanza, shemeji."