Kovu la Shaweji

Asubuhi aliyofariki Shaweji, mwigizaji wa filamu za zamani, mwanawe Tamimu aliomba amwoshe mwenyewe. Mji mzima ulilijua kovu la shavuni mwake. Akiulizwa sokoni nani alimkata, Shaweji alijibu, "Mke wangu," na watu wakacheka.

Alipompangusa shavu, kovu likatoka na kitambaa. Tamimu akaduwaa. Akafuta tena, taratibu. Chini palikuwa na ngozi laini.

"Mama," aliita kupitia pazia. "Baba hana kovu."

"Nilimchora mimi, kila alfajiri kabla hamjaamka. Wanja na gundi. Filamu yake ya kwanza, aliyoigiza na kovu la kuchora, ilipopendwa, aliogopa kwamba bila kovu watu wangemkataa."

"Miaka yote hii?"

"Arobaini na miwili." Mkono wake ukapenya pazia, umeshika kichupa cha wanja. "Mpake, mwanangu. Mara ya mwisho."

"Mama, maiti hapakwi wanja."

"Najua."

Lakini mkono haukurudi. Tamimu aliutazama, kisha akautazama uso ambao hakuwahi kuuona. Barazani, majirani wamejipanga, wanangoja kuingia kumwona Shaweji kabla hajafunikwa.